Babu Mwenye Leja: Mwongozo Kamili wa Kugawa Wiki kati ya Wajukuu, Ziara na Kazi za Kujitolea

Mjukuu wangu wa pili aliwahi kunisubiri getini mwa shule mpaka mlinzi akaanza kufunga. Alasiri ile nilikuwa nimewaahidi watu watatu: mtoto mwenyewe, kikao cha wenzangu tunaojitolea maktaba, na binti yangu aliyetaka nimshikie mtoto mchanga aende kliniki. Wote niliwajibu "hakuna shida" papo hapo kwenye simu. Nilipofika getini natweta, mtoto hakulia wala hakununa. Aliniuliza tu, "Babu, ulisahau njia?"

Nimetunza ghala karibu maisha yangu yote ya kazi. Ghalani hutoi hata boksi moja kabla hujatazama leja, maana mzigo mmoja ukiahidiwa wateja wawili, mmoja ataondoka na lori tupu na matusi utayapata wewe. Nilipostaafu niliiacha leja ofisini, nikaanza kugawa siku zangu kana kwamba ghala halina ukuta wa nyuma. Hatua zinazofuata ni zile nilizozipitia kuirudisha leja nyumbani. Hazilingani urefu. Nyingine ni za dakika tano, nyingine zilinichukua mwaka.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kugawa

Chukua daftari la kawaida, kila ukurasa upige mistari upate safu tatu. Kwa wiki mbili usibadilishe chochote, andika tu. Safu ya kwanza ni saa, ya pili ni ulichofanya, ya tatu ni hali uliyokuwa nayo baada ya hapo. Hiyo ya tatu ndiyo leja yenyewe. Yangu ilikuwa hivi:

Jumanne, saa 8 hadi 11 mchana. Mtoto mchanga. Niko sawa.
Jumatano, saa 3 asubuhi hadi 10 jioni. Wakubwa wawili, likizo. Goti. Nimelala saa 1 usiku na viatu mguuni.
Alhamisi, saa 4 hadi 6. Maktaba. Ningeweza kuendelea.
Ijumaa. Sina kazi. Uchovu wa Jumatano ungalipo.

Mstari wa Ijumaa ndio ulionifungua macho. Nilikuwa nahesabu Jumatano kama siku moja, kumbe ilikuwa inakula siku mbili. Nikagundua pia kwamba kinachonimaliza si urefu wa saa, ni idadi ya watoto kwa wakati mmoja: mmoja kwa saa nane namudu, wawili kwa saa nne naomba maji. Wewe utakuta lako. Mwenzangu mmoja aligundua kwamba yeye hachoshwi na watoto hata kidogo, anachoshwa na safari ya basi kwenda kuwachukua.

Wiki mbili zikiisha, gawa wiki mafungu matatu: siku za wajukuu, siku za kujitolea, na siku tupu. Siku tupu si akiba ya kuchotwa kila mtu akikwama. Ni siku ya kunyoa, kulala mchana, kwenda kupima presha, kukaa na mwenzako bila mtoto katikati yenu. Ukiulizwa una nini siku hiyo, jibu "nina shughuli" na usiongeze neno, kwa sababu maelezo ndiyo yanayotoboa shimo.

Anayeona hili ni uchoyo nitamtajia utafiti mmoja. Mwaka 2014 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha matokeo ya kuwapima akili na kumbukumbu wanawake 186 wa umri wa miaka 57 hadi 68. Bibi waliokuwa wakikaa na wajukuu siku moja kwa wiki ndio waliofanya vizuri zaidi kwenye baadhi ya vipimo. Waliokaa nao siku tano au zaidi walishuka kwenye kipimo kimojawapo. Kundi ni dogo, na haliwezi kusema ni uchovu uliowashusha au kitu kingine. Hata hivyo linafanana sana na daftari langu. Upande wa pili wapo wazee zaidi ya 500 wa Berlin waliofuatiliwa kwa miaka mingi: waliokuwa wakiwasaidia wajukuu mara kwa mara, bila kuwa walezi wao wakuu, kwa wastani waliishi zaidi kuliko wasiowasaidia. Kwa hiyo jibu si kuwakimbia wajukuu.

Kama wajukuu wanaishi kwako moja kwa moja na wewe ndiye mzazi wao sasa, hesabu hii haikufai kama ilivyo, na sitajifanya inakufaa. Lako la kwanza ni karatasi: nakala ya cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo, na maandishi yanayokuruhusu kuidhinisha matibabu na kusaini mambo ya shule. La pili ni kutafuta mtu wa kukupa japo nusu siku tupu kwa wiki.

Hatua ya 2: Kaa na wazazi kabla hujakaa na mtoto

Kikao hiki kifanyike mtoto akiwa amelala, na kisifanyike siku ambayo tayari kuna kisirani. Mambo ya kukubaliana ni machache, lakini yasipozungumzwa mapema yatazungumzwa kwa kununiana:

Nani analeta mtoto na nani anamchukua, na akichelewa itakuwaje. Sisi tulipatana dakika ishirini ni za bure, baada ya hapo anapiga simu.
Mtoto ana mzio wa nini, anatumia dawa gani, na nani anaruhusiwa kumpa.
Akikosea anarudiwaje. Usichape wala kutisha mtoto ambaye wazazi wake hawachapi.
Televisheni na simu, kiasi gani.
Picha zake ziwekwe mtandaoni au zisiwekwe. Wazazi wengi wa siku hizi hawataki, na hawatakuambia mpaka uwe umeshaziweka.
Gharama. Nauli, nepi, daftari la shule likihitajika ghafla. Mseme kabla ya kuhesabiana.

Nilikosea sana kwa mkwe wangu, mke wa kijana wangu. Nilianza kila sentensi na "sisi tulipowalea ninyi". Siku moja akanijibu kwa upole uliokuwa mkali kuliko tusi: "Baba, mmemlea mume wangu vizuri, nashukuru. Huyu niachieni nimkosee mwenyewe." Tangu hapo nauliza: "Mwanangu, ungependa nimlaze vipi?" Swali hilo halijawahi kuleta ugomvi, nami hutoka na maelekezo kamili.

Sentensi ya pili ya kuzoea, iweke hata kwenye karatasi karibu na simu: "Ngoja niangalie daftari, nitakupigia." Isemwe kwa kila ombi, hata lile unalolipenda. Wiki za mwanzo wanangu walidhani naumwa. Sasa huanza wenyewe: "Baba, angalia daftari kwanza."

Hatua ya 3: Soma upya somo la mtoto mchanga

Tuliowalea watoto wetu miaka ya sabini na themanini tulifundishwa mambo ambayo wataalamu wenyewe wameyafuta. Hakuna aibu. Aibu ni kung'ang'ania.

Kulala ndilo la kwanza. Wengi wetu tuliambiwa mtoto alale kifudifudi ili asipaliwe akicheua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikadhihirika kwamba kulala hivyo kunaongeza vifo vya ghafla vya watoto wachanga, na nchi mbalimbali zikaanza kampeni za kulaza watoto chali. Marekani ilianza yake mwaka 1994, na baada ya hapo vifo hivyo vikapungua karibu nusu. Basi mtoto alale chali kila usingizi, wa mchana na wa usiku, mpaka atimize mwaka. Juu ya godoro gumu lililo sawa, bila mto, bila blanketi zito, bila mwanasesere wa manyoya. Usilale naye kwenye kochi kabisa. Babu aliyekula akashiba hulala kabla hajajua.

Maji: Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2001 linashauri mtoto anyonye tu kwa miezi sita ya mwanzo, bila hata tone la maji. Ule mkono wetu wa kumlowesha midomo kwa kijiko kwa sababu "kuna joto" uache. Asali usimpe kabla hajatimiza mwaka, hata ya kulamba kidoleni, kwa kuwa inaweza kubeba vimelea vya botulizimu (ugonjwa wa sumu inayolegeza misuli), ambavyo tumbo la mchanga haliwezi kupambana navyo.

Na wewe mwenyewe usimbebe ukiwa na mafua au kikohozi. Kifaduro kwa mtu mzima kinaweza kuonekana kikohozi tu kisichoisha. Kwa mtoto wa wiki kadhaa kinaua. Kabla mtoto hajazaliwa, uliza kituo cha afya kama unahitaji chanjo ya kukumbushia ya kifaduro na ile ya mafua.

Hatua ya 4: Ikague nyumba kwa magoti

Nyumba ya wazee wawili huzoea kutokuwa na watoto. Vitu hushuka taratibu kutoka juu ya kabati hadi pale mkono unapofika bila kunyanyuka, na hapo ndipo hasa mkono wa mtoto wa miaka miwili unapofika. Piga magoti mlangoni mwa kila chumba, utazame. Ukishindwa kupiga magoti, keti kwenye kigoda.

Mimi nilianzia kitandani kwetu. Juu ya meza ndogo palikuwa na kile kiboksi cha vidonge chenye vyumba saba, Jumatatu hadi Jumapili, kinachofunguka kwa ukucha. Kimetengenezwa kifunguke kirahisi kwa vidole vyenye baridi yabisi, na kwa mtoto ni kichezeo kinacholia "kak". Ndani yake mlikuwa na dawa za presha na za sukari. Kidonge kimoja cha sukari kinaweza kumwangusha mtoto mdogo akapoteza fahamu. Sasa kiboksi kinakaa kwenye droo yenye kufuli, na ufunguo uko shingoni kwa mke wangu. Kumbuka pia mkoba wako: bibi anapotembelea watu, duka la dawa zima limo ndani ya mkoba sakafuni.

Tafuta betri bapa za mviringo, kama za saa, rimoti na kifaa cha kusaidia kusikia. Mtoto akimeza moja ikakwama kooni, inaweza kuunguza na kutoboa umio ndani ya saa mbili. Usimtapishe, usisubiri itoke, mkimbize hospitali hata kama anacheka. Hizi ndizo zinazoniogopesha kuliko visu, maana kisu kila mtu anakiona.

Mengine kwa haraka. Ndoo ya maji isiachwe wazi, mtoto huzama hata kwenye maji ya kina cha kiganja. Mishikio ya sufuria igeuziwe ndani. Chai ya moto isinywewe na mtoto akiwa mapajani. Karanga nzima na vitu vingine vidogo vigumu visubiri mpaka afike miaka mitano hivi.

Halafu jifunze huduma ya kupaliwa kwa mikono yako, kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, si kwa kusoma hapa. Kwa muhtasari: mtoto chini ya mwaka mmoja analazwa kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kiwiliwili, anapigwa mara tano katikati ya mabega, kisha anageuzwa na kusukumwa kifua mara tano, mnarudia. Mkubwa zaidi anainamishwa, mapigo matano mgongoni, kisha misukumo mitano ya tumbo juu kidogo ya kitovu. Kidole usiingize kinywani kuchokonoa usichokiona. Akipoteza fahamu ni kuita msaada wa dharura na kuanza kumhuisha, na hilo hasa ndilo halifundishwi na maandishi.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Kosa la mwanzo la babu ni kuandaa shughuli. Nilikuwa nanunua rangi, nakata maboksi, napanga kama mwalimu wa chekechea. Saa moja imekwisha, vifaa vimekwisha, na mtoto ananitazama. Siku iliyokwenda vizuri kuliko zote ni ile ambayo sikuwa na maandalizi, ila nguo zilizoanuliwa. Mjukuu wa miaka minne alikaa juu ya kitanda, nikamwambia atafute soksi zinazofanana. Alikuwa anainua moja, anaipima kwenye mguu wake, anaipima kwenye wangu, anatoa hukumu: "Hii ni ya bibi, imekasirika." Dakika arobaini. Soksi kumi na sita, jozi sita sahihi, na jozi mbili alizozioanisha kwa sababu "zinapendana".

Mpe mtoto kazi halisi ya nyumbani iliyo ndogo, mpunguzie mwendo, kisha ujiunge. Kumwagilia, kupangusa meza, kuhesabu vijiko, kubeba barua mlangoni. Chagua kazi mbili za namna hiyo kwa siku. Muda uliobaki ni wa kula, kulala na kutoka nje.

Kuhusu skrini, mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto chini ya mwaka mmoja wasiwe na muda wowote wa kukaa mbele yake, na wa miaka miwili hadi minne wasizidi saa moja kwa siku. Nikiri kuwa kuna siku ya Jumatano saa hiyo moja imeniokoa. Naitumia mwishoni, ninapokuwa nimechoka, wala si asubuhi nikiwa na nguvu.

Mwanafunzi anayetoka shule ni jambo lingine. Ukimuuliza "habari za shule?" utajibiwa "nzuri" na mazungumzo yamekufa. Usimuulize kitu mpaka ale. Kisha uliza kitu chembamba: leo ulikaa karibu na nani? Nani aliadhibiwa? Mwalimu gani alikosea? Swali la tatu halijawahi kuniangusha. Akimaliza, mlipe kwa hadithi ya mzazi wake alipokuwa na umri huo, hasa zile za ukorofi, ila usitoe zile ambazo mwanao amezizika kwa makusudi.

Hatua ya 6: Ziara

Ukienda kwao, taja tarehe mbili: ya kufika na ya kuondoka. Wengi wetu hutaja ya kufika tu, tukidhani ya kuondoka itawaumiza. Kinachowaumiza ni kutokujua. Kama unaweza, ondoka siku moja kabla ya kuchokwa. Utaijua kwa mkwe kuanza kukuuliza kama chumba kina joto. Siku ya kwanza usipangiwe matembezi. Dawa zako ziwe kwenye begi la mkononi, zitoshe siku tatu zaidi ya safari. Na jiko la watu lina mwenyewe, hata kama mwenyewe ni mtoto uliyemzaa.

Wakija wao wote kwa pamoja, usijaribu kuwafurahisha wote kwa pamoja. Kila mjukuu mtengee nusu saa ya peke yake, hata ni kwenda kununua vocha. Mkubwa wa miaka kumi na tano, aliyekaa kimya siku tatu kama mgeni wa mtu mwingine, alinisimulia mambo ya mwaka mzima tukiwa tumesimama kwenye foleni. Vijana huongea wakiwa bega kwa bega nawe. Ukiwakalisha uso kwa uso wanadhani ni kesi.

Zawadi ziulizie wazazi, na thamani ilingane kwa watoto wa binti na wa kijana. Watoto hawahesabu pesa, lakini wanahesabu vifurushi. Kwa babu na bibi wa upande wa pili, usishindane nao. Pata namba zao za simu. Utaona mwishoni kwa nini.

Wajukuu walio mbali wanahitaji utaratibu kuliko urefu wa simu. Siku ileile, saa ileile, dakika kumi. Mtoto mdogo hawezi kuongea na uso ulio kwenye simu, anaweza kufanya kitu nao. Mimi na mmoja tuna nakala mbili za kitabu kilekile: nasoma ukurasa, anafunua kwake, nikikosea kwa makusudi ananishtaki. Kukiwa na tofauti ya saa, ujumbe wa sauti unatosha, mradi usiwe wa mahubiri.

Hatua ya 7: Kujitolea bila kujimaliza

Sasa lile fungu la pili. Mzee aliyestaafu ni kama shamba lisilo na uzio, kila taasisi hupitisha mbuzi wake. Utaitwa kwenye kamati ya shule, ya mtaa, ya ibada, ya mazishi. Chagua moja. Nasema moja kwa mwaka wa kwanza, na najua hutanisikia.

Namna ya kuchagua: rudi kwenye safu ya tatu ya daftari. Kama siku zako za wajukuu zinakumaliza mwili, tafuta kazi ya kukaa: kusoma na watoto, kujibu simu, kuandika kumbukumbu. Kama siku nzima uko na watoto, tafuta watu wazima. Kama uko peke yako sana, usichukue kazi ya kufungasha bahasha nyumbani hata ikiwa rahisi kiasi gani. Na usidharau kazi ya kusikiliza. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 huko Harare, Zimbabwe, waliokuwa wahudumu wa afya ya jamii. Walikaa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki na kusikiliza watu waliolemewa na mawazo, wakiwasaidia kuchagua tatizo moja na kupanga hatua. Mpango huo, Friendship Bench, ulipimwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba waliopitia benchi walipungukiwa na dalili kuliko waliopata huduma ya kawaida. Angalia lakini: bibi wale walifunzwa kwanza, na walikuwa na wa kumrudia kesi ikizidi. Uzee peke yake si mafunzo.

Kabla ya kukubali, nenda ukaone kazi inavyofanyika siku ya kawaida, siyo siku ya wageni. Kisha uliza haya mbele ya msimamizi:

Zamu ni saa ngapi, na ikipitiliza nani anaruhusu kuondoka?
Nauli na chai ni juu ya nani? Usione haya. Marekani ina mpango wa Foster Grandparent tangu mwaka 1965, unaokutanisha wazee na watoto wanaohitaji msaada, na wazee wenye kipato kidogo hupewa posho. Kujitolea si kujifilisi.
Nikiumia kazini inakuwaje?
Nitafunzwa na nani?
Kama kuna watoto, utaratibu wa kuwalinda ni upi? Mahali pazuri patakagua rekodi yako na pataweka sheria kwamba mtu mzima hakai peke yake na mtoto chumba kimefungwa. Usikasirike kwa kukaguliwa. Mahali pasipokukagua wewe hapajamkagua na yule mwingine.
Nikitaka kuacha, nitoe taarifa siku ngapi kabla?

Swali la mwisho wengi hawaliulizi, kisha hujikuta wakijificha simu zikiita. Omba miezi mitatu ya majaribio, na siku ya kumalizika iandikwe.

Mimi niliishia maktaba, Alhamisi, kwa muda wa saa mbili, kusoma na watoto wanaosuasua. Mwezi wa kwanza nilikuwa naharibu. Mtoto akikwama kwenye neno, namtajia, naye anaendelea bila kujifunza kitu. Msimamizi, binti mdogo kuliko wanangu, aliniambia nihesabu kimya mpaka tano kabla ya kufungua mdomo. Tano ni ndefu mno. Kidole cha mtoto kiko chini ya neno "ngamia", mdomo unatafuta ng, unaacha, unarudi, anakutazama usoni aone kama umechoka naye. Ukifika tatu unataka kusema. Kwenye nne analitamka. Mbinu hii nimeihamishia kwa wajukuu na hata kwa mke wangu akitafuta jina la mtu.

Unachojifunza pale usikigeuze kuwa habari za nyumbani. Mtoto asiyejua kusoma na mzazi aliyelia kwenye benchi wasitajwe mezani kwako, hata bila majina, kwa sababu mtaa ni mdogo kuliko unavyodhani.

Hatua ya 8: Mwili unaobeba yote haya

Ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 kwa watu wa miaka 65 na kuendelea, kwa wanaoweza, ni dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya usawa wa mwili siku tatu au zaidi ili kuepuka kuanguka. Kumfukuza mtoto kunahesabika. Kumnyanyua vibaya hakuhesabiki, kunakulaza wiki. Shuka kwa goti moja, mvute karibu na kifua, kisha nyanyuka kwa miguu. Akiwa mkubwa, kaa wewe na apande mwenyewe.

Hatua ya 9: Kupunguza, na jina la pili

Kila baada ya miezi mitatu soma safu ya tatu tena. Ukiona "nimechoka" mfululizo wiki tatu, punguza kitu kabla mwili haujachagua wa kumpunguza. Anza na kujitolea au ongea na wanao, lakini wape muda wa kutafuta njia nyingine. Taarifa ya mwezi mmoja ni ya kiungwana, ya kesho asubuhi ni mgomo. Sema unachoweza badala ya usichoweza: "Jumatano sitakuwepo kuanzia mwezi ujao, Jumanne nipo mpaka saa 11."

Kisha kila ahadi iwe na jina la pili. Kwenye jalada la ndani la daftari langu kuna safu ya watu watatu wanaoweza kumchukua mtoto shuleni nikipata homa: shangazi yake, jirani, na bibi wa upande wa pili, yule niliyekuambia uchukue namba yake. Kila mmoja ameulizwa akakubali. Hakuna aliyeandikwa kwa kudhaniwa. Mtoto anawajua wote watatu kwa sura. Na shule imepewa majina hayo kwa maandishi, yamesainiwa na wazazi, maana mlinzi mwenye akili hamkabidhi mtoto kwa mtu asiyemjua, hata akiwa na mvi kichwa kizima.